Fundi Aliyerudi Njia Namba Nne

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanamke mwoga. Msishtuke. Neno hilo hatukulichagua sisi. Alilichagua mwenyewe, akamwachia mdogo wake maagizo: "Siku nikiondoka, wakinitaja redioni, waanze na hilo. Wasinipambe."

Basi hatumpambi. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na miaka sabini na moja. Amefariki Alhamisi iliyopita, saa tisa alasiri, katika wodi ya wanawake ya hospitali yetu. Mtaani walimwita Bi Tahadhari, na sisi tutamwita hivyo hivyo, maana hata kibao cha dukani kwake kiliandikwa jina hilo.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme. Ile ya umeme aliichomoa ukutani kila alipoinuka kitini, hata kama anafuata uzi tu rafuni. Mkasi aliulaza ndani ya mfuko wake wa ngozi. Jioni alihesabu pini zake zote, na ikipungua moja alipiga magoti na sumaku mpaka aione.

Mumewe, ambaye alikuwa msoma mita za maji hadi alipostaafu, ametuambia hivi: "Mke wangu barabara ikiwa na magari alivuka vizuri tu. Ikiwa tupu ndipo aliposita. Alitaka gari moja lipite kwanza, ndipo aamini kwamba hakuna lililojificha."

Wengi wenu mnamjua Bi Tahadhari kwa jambo moja. Miaka kumi na minne iliyopita alishuka kwenye shimo ndani ya hifadhi ya msitu, akamtoa mdogo wake akiwa hai. Hilo mnalijua. Nusu ya kwanza ya kisa hicho hamuijui. Ndiyo aliyotaka isemwe leo, na mdogo wake ndiye aliyetusimulia, akiwa ameketi mbele ya kipaza sauti hiki, mkongojo wake umeegemea meza.

Ilianza na presha. Bi Tahadhari alikuwa na miaka hamsini na saba. Daktari akamwambia aache kukaa kutwa kwenye cherehani, atembee.

"Nitembee wapi, daktari? Barabarani kuna pikipiki."

"Nenda hifadhini. Kule hakuna pikipiki."

"Kule kuna nyoka."

"Nyoka wanamkimbia mtu, mama."

"Na mtu naye je, akimkimbia nyoka, wanakutana wapi?"

Daktari alicheka, lakini dawa ilibaki ile ile. Atembee.

Hifadhi mnaijua. Iko pembeni mwa mji, nyuma ya matangi ya maji. Si kubwa, asubuhi moja yatosha kuizunguka. Ina njia tano za miguu, na kila njia ina vigingi vya mbao vyenye namba. Getini kuna kibanda na daftari. Unaandika jina, saa uliyoingia na njia unayokwenda. Njia namba nne ndiyo ndefu kuliko zote. Inapita karibu na machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani sana, kabla hata Bi Tahadhari hajazaliwa. Vichaka viliyafunika, majani yakaota juu yake, na watu wakasahau kwamba chini kuna mashimo.

Alianza kwenda kila Jumanne na mdogo wake, mpishi wa shule, mwanamke mcheshi mwenye goti bovu. Walipishana miaka mitano. Walilelewa kitanda kimoja.

"Dada yangu hakuupenda ule msitu hata kidogo," anasema mdogo mtu. "Jani likianguka, anasimama. Ndege akiruka, ananishika mkono. Mfuko wake ulikuwa na bendeji, maji chupa mbili, kamba za viatu za akiba, biskuti, mwavuli. Ungedhani tunahama. Nilikuwa namwambia, dada, tunakwenda kwa muda wa saa mbili tu. Anasema, hata waliopotea walikwenda kwa muda wa saa mbili tu."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo, na asubuhi hiyo ikapumzika. Waliandika kwenye daftari saa mbili na dakika kumi. Njia namba nne. Mkuu wa zamu, askari mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliwaambia kuna nguruwe-mwitu wenye watoto upande ule.

"Ongeeni tu njiani. Wakisikia watu wanajiondokea."

Bi Tahadhari alitaka kurudi nyumbani pale pale. Mdogo wake akamvuta mkono. "Twende, dada. Hata nguruwe ana shughuli zake."

Wakaingia. Kwa nusu saa ya kwanza waliongea kama walivyoambiwa. Kisha njia ikapanda, pumzi zikawa fupi, maneno yakaisha. Ardhi ilikuwa laini kama unga uliokandwa. Miti ilidondosha maji ya jana. Bi Tahadhari alikuwa mbele, mdogo wake nyuma, na nafasi kati yao ikawa inaongezeka.

"Kaza mwendo basi."

"Goti, dada."

"Goti lako nalo limezidi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana kabla ya tukio. Mdogo mtu anayakumbuka vizuri. Anasema dada yake aliyakumbuka vizuri zaidi.

Ilikuwa yapata saa tatu na nusu. Upande wa kulia, ndani ya kichaka, tawi likavunjika. Bi Tahadhari akasimama. Likavunjika la pili, karibu zaidi. Kukatokea mguno, mzito, wa chini, kama mtu anayeburuta kabati juu ya saruji. Majani yakatikisika kwa urefu wa kiuno. Kitu cheusi kikachomoka.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo penye ile nusu msiyoijua.

Bi Tahadhari alikimbia.

Hakugeuka. Hakuita. Alitupa mfuko, akatupa fimbo yake ya kutembelea, akakimbia mbele kwa nguvu zake zote, na akamwacha mdogo wake mwenye goti bovu nyuma yake, peke yake, na yule mnyama. Alimwambia mumewe miaka mingi baadaye kwamba miguu ilikwenda kabla yeye hajaamua. Kisha akaongeza: "Lakini ilikuwa miguu yangu."

Alikimbia mpaka daraja la mbao, mwendo wa dakika kumi kwa mtu anayetembea. Pale akashika ukingo. Aligeuka nyuma, akidhani atamwona mdogo wake akija, akichechemea, akimtukana kidogo. Njia ilikuwa tupu.

Akaita. Msitu haukujibu. Akaita tena, kwa jina la utotoni. Alitoa simu, hakuna mtandao. Mbele yake, geti lilikuwa mwendo wa nusu saa. Nyuma yake kulikuwa na kile kichaka.

Alianza kwenda getini. Hili pia alitaka lisemwe. Alipiga hatua kama mia hivi kuelekea getini, akijiambia kwamba anakwenda kuleta watu, na kwamba hilo ndilo jambo la busara. Lakini aliijua sababu. Alikuwa anakwenda getini kwa kuwa geti lilikuwa mbali na nguruwe.

Akasimama. Akarudi.

Kurudi hakukuwa kwa mbio. Mumewe anasema aliwahi kumwonyesha sebuleni jinsi alivyotembea: hatua moja, kusimama, kusikiliza, hatua moja, kusimama, kusikiliza. Kila kivuli kilikuwa na pembe. Alipofika mahali pale alikuta fimbo yake, mfuko wake, na kiatu kimoja cha mdogo wake katikati ya njia. Nguruwe hakuwepo. Hakukuwa na damu. Kando ya njia majani yalikuwa yamelala, kama kitu kimepita juu yake kwa haraka, kisha yakakoma. Mbele ya majani hapakuwa na kitu. Palikuwa na tundu jeusi.

Alipiga hatua kulielekea, na udongo ukamomonyoka chini ya kidole gumba cha mguu wake.

"Usisogee!"

Sauti ilitoka chini, imebanwa, kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

"Dada, usisogee. Ardhi inakatika."

Mdogo mtu naye alikuwa amejaribu kukimbia. Nguruwe alipita mbele yake, hakumgusa hata kidogo. Lakini yeye aliruka kando, nje ya njia, na ardhi ikafunguka. Ilikuwa kina cha nyumba ya ghorofa moja. Aliangukia ukingo wa jiwe, upana wa kitanda cha mtoto. Nyonga ilivunjika. Chini ya ukingo ule mlikuwa na maji ya mvua, meusi, yasiyoonekana mwisho wake.

Bi Tahadhari alilala kifudifudi, akasogea kwa viwiko mpaka akamwona. Walitazamana.

"Nakwenda kuita watu," akasema.

Mdogo wake akaanza kulia. "Usiniache tena."

Tena. Neno hilo moja, wasikilizaji. Bi Tahadhari alilibeba miaka kumi na minne.

Sasa angefanya nini? Akikaa, hakuna anayejua walipo. Akiondoka, yule aliye chini atasikia hatua zikienda, mara ya pili asubuhi moja. Akatazama juu. Kulikuwa na kilima kidogo, pengine kingekuwa na mtandao. Akasema, "Sikiliza. Nitahesabu kwa sauti. Ukiisikia sauti yangu, ujue nipo. Nikifika juu nitapiga simu, halafu nitahesabu nikirudi nyuma mpaka moja."

Akahesabu. Alipanda kilima kile akipaza namba kama mwalimu wa darasa la kwanza, sauti ikikatika, akijua kwamba kila mnyama wa msitu ule sasa anajua alipo. Alifika mia mbili na kumi na nne ndipo simu ikapata mtandao. Alimpigia mumewe apeleke habari getini, kwa sababu namba ya hifadhi hakuwa nayo. Kisha akaanza kuteremka: mia mbili na kumi na tatu, mia mbili na kumi na mbili. "Nilishika kila namba," anasema mdogo mtu. "Alipofika hamsini na sita alijikwaa, akanyamaza kidogo. Nilifikiri ndiyo basi. Halafu nikasikia, hamsini na tano."

Askari walifika saa tano kasoro. Walikuwa wawili, yule mkuu wa zamu na mwenzake, pamoja na dereva wa gari la hifadhi. Walikuwa na kamba na mkanda wa kujifunga. Mkuu wa zamu alijaribu kusogea kwenye ukingo, na kipande cha ardhi ukubwa wa meza kikaondoka chini yake. Kilianguka majini. Kule chini mdogo mtu akapiga ukelele. Mwenzake akajaribu upande wa pili. Ikawa vile vile. Wote walikuwa wanaume wazito. Walisema wasubiri kikosi cha zimamoto kutoka mji wa pili, kwa muda wa saa tatu, labda nne.

Mawingu yalikuwa yamerudi. Tone la kwanza likaanguka. Likafuata la pili.

Yule mkuu wa zamu amestaafu sasa. Tulimpigia simu juzi. Haya ni maneno yake: "Mvua ikiingia lile shimo, ukingo wote ungekwenda. Mimi nilijua, na yule mama alijua. Aliniuliza, 'Kamba yenu inabeba kilo ngapi?' Nikamjibu. Akasema, 'Mimi nina arobaini na nane. Nitashuka mimi.' Nikamwambia, mama, unatetemeka. Akaniambia, 'Kutetemeka hakuongezi uzito.' Nimefanya kazi ile miaka ishirini na sita. Sijaona mtu anayeogopa namna ile akishuka mahali. Tulipomfunga mkanda aliangalia kila fundo mwenyewe. Mafundo mawili alituambia tufungue, tufunge upya."

Wakaifunga kamba kwenye mti, wakamlaza ukingoni juu ya ubao uliotolewa garini, wakamteremsha polepole. Udongo ulimwingia machoni na mdomoni. Alifumba macho njia nzima. Miguu ilipogusa jiwe, alishindwa kuyafumbua.

"Alijikojolea," anasema mdogo wake, na hapa anacheka huku akijifuta macho. "Msiniangalie hivyo, ameniruhusu niseme. Alisimama pale amejikojolea, macho amefumba, ananipapasa kama anapima nguo. Bega, kwapa, kiuno. Nikamwambia, dada, fumbua macho. Akasema, 'Nikifumbua nitaona nilipo.'"

Aliuvua mkanda kiunoni mwake akamfunga mdogo wake. Mkanda ulikuwa mmoja. Kwa hiyo mdogo mtu akavutwa kwanza, akilia kwa maumivu ya nyonga, na Bi Tahadhari akabaki kwenye jiwe lile bila kamba, bila mkanda, mvua sasa ikinyesha kweli kweli. Ilichukua dakika kumi na mbili kumfikisha mgonjwa juu, kumfungua na kurudisha kamba. Dakika kumi na mbili. Mabonge ya udongo yalipita kandoni mwake. Moja lilimpiga bega. Maji yalikuwa yanapanda, aliyasikia, hakuyatazama. Alikuwa na hakika kwamba atafia pale. Alimwambia mumewe kwamba hakupata ujasiri wowote kule chini, hata punje. Aliogopa dakika zote kumi na mbili, bila kupumzika.

Kamba ikafika. Alivutwa juu saa saba na robo. Alasiri ya siku ile ile ukingo wote ukaporomoka.

Mji ukamsifu. Akapewa cheti na ofisi ya hifadhi. Watu walikuja dukani kushona nguo zisizohitaji kushonwa, wapate tu kumwona. Kile cheti alikitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vishikizo. Mtu akimwita shujaa, alishika kitambaa akajifanya hasikii. Usiku hakulala vizuri. Na hifadhini hakukanyaga tena. Mdogo wake hakusema neno. Miaka minne ikapita, wakila pamoja kila Jumapili, wakiongea kila kitu isipokuwa kitu kimoja.

Kisha siku moja, asubuhi, dukani, Bi Tahadhari alikuwa anampima mdogo wake gauni. Upindo ulikuwa haukai sawa, kwa sababu nyonga moja ilikuwa imeinuka tangu ile ajali. Alikuwa amepiga magoti, pini nne mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Nilikukimbia," akasema.

"Najua. Nilisikia miguu yako."

"Miaka yote hii umejua?"

"Dada, nilikuwa nyuma yako. Ningeacha vipi kujua?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakuja kula kwako na hasira yangu mfukoni. Halafu nikawa nakumbuka namba. Mia mbili na kumi na nne, ukaja mpaka moja. Sikujua nichukue lipi niache lipi. Nikachukua yote mawili."

Bi Tahadhari alibaki magotini. Mdogo wake akamwambia, "Haya, maliza upindo, nina watoto mia tatu wa kupikia."

Jumamosi iliyofuata Bi Tahadhari alikwenda hifadhini. Alikuwa na miaka sitini na moja. Mumewe alimsindikiza mpaka getini, akamwona anaandika kwenye daftari: njia namba nne. Herufi zilipinda kiasi kwamba askari hakuweza kusoma jina. Alikuwa na furushi la vitambaa vyekundu, mabaki ya dukani. Yeye na yule mkuu wa zamu wakapita pembeni mwa machimbo yale, kigingi kwa kigingi, wakipiga ardhi kwa fimbo ndefu. Kila palipolia kama ngoma, akafunga kitambaa. Ilichukua Jumamosi tano. Walipata mashimo saba. Saba, wasikilizaji, kando ya njia ambayo wanafunzi walikuwa wanapita. Aliiandikia ofisi ya hifadhi. Haikujibu. Akaenda kukaa pale ofisini na ushonaji wake, siku baada ya siku, karibu mwaka mzima, mpaka uzio ukajengwa.

Na hakuacha. Miaka kumi ametembea njia zile kila Jumamosi. Watu wakaanza kumfuata, wengi wao wagonjwa wa presha na sukari, wajane, waliotoka hospitalini. Kabla ya kuanza aliuliza, "Nani anaogopa leo? Mimi naogopa. Mwingine?" Na mikono ikanyooshwa. Hakutembea mbele hata siku moja. Alitembea wa mwisho, nyuma ya yule anayekwenda polepole kuliko wote, hata kama ni bibi mmoja anayepumzika kila kigingi.

Hofu haikumwisha. Mumewe anataka mlijue hilo. Alitoka msituni kila Jumamosi na blauzi imelowa jasho mgongoni, akaingia bafuni, akatoka, akasema, "Leo nimepona." Na wiki iliyofuata akaenda tena.

Moyo ulianza kumchosha mwaka jana. Siku kumi zilizopita akalazwa. Muuguzi alimwuliza kama anahitaji kitu, akasema, "Naogopa kufa, mwanangu. Sihitaji dawa yake, nakuambia tu."

Alhamisi mchana mdogo wake alikuwa pale.

"Aliniuliza kama nina haraka," anasema. "Nikamwambia sina. Akaniuliza tena baada ya kitambo. Nikamwambia, dada, sina pa kwenda. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na ulikuwa unatetemeka. Ulitetemeka mpaka karibu na mwisho, kisha ukatulia."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mumewe, msoma mita wetu wa zamani, ambaye sasa anachomoa cherehani ya umeme jioni ingawa hakuna anayeiwasha. Pole kwa watoto wake wawili na wajukuu. Pole kwa wale wote wa Jumamosi. Na wewe, mdogo wake, uliyekuja hapa ukasema yote bila kupunguza, pole sana, na ahsante. Mungu ampumzishe mahali pa amani.

Kwetu sisi tuliobaki, tuna ombi moja. Pengine na wewe kuna mtu uliyemwacha njiani siku moja, ukakimbia, na hamjawahi kulizungumza. Pengine naye alisikia miguu yako, na bado anangoja. Bi Tahadhari alichelewa miaka minne, na alijutia kila mwaka. Tunapiga wimbo sasa, wa dakika nne. Hatutakasirika ukizima redio ukampigia simu.